Hita ya Premio inapuliza baridi na kioo cha mbele kinaziba mvuke (njia ya Kisoro–Kabale, Uganda)

Dereva_Kanaba

Jambo wote. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kabla sijamwaga pesa bure.

Nina Toyota Premio, ile ya zamani yenye injini ya 7A. Napakia abiria Kisoro alfajiri, naenda Kabale, jioni narudi. Wanaoijua njia hii wanajua: ukianza kupanda Kanaba ukungu unakupokea, ukiingia msitu wa Echuya huoni hata taa za lori linalokuja mpaka likufikie. Huo ukungu wa nje nimeuzoea. Unaonishinda ni wa ndani.

Kioo cha mbele kinaanza kuziba pembeni, mvuke unakuja katikati taratibu, na kabla sijamaliza kupanda nimebaki na kitundu cha kuchungulia. Naweka upepo kwenye alama ya kioo, nazungusha kitufe cha joto hadi mwisho wa nyekundu, kinachotoka ni baridi ile ile ya nje. Abiria wa mbele ndiye waipa yangu ya ndani. Akikaa tu nampa kitambaa, nauli hapunguziwi.

Mambo mengine niliyoyaona. Feni inapuliza ikiwa namba nne peke yake. Moja, mbili na tatu ziko kimya kabisa. Mshale wa joto la injini kwenye dashibodi unapanda nikiwa kwenye mlima, nikianza kuteremka kuelekea Muko unarudi chini karibu na C. Gari haijawahi kuchemka. Mafuta inakunywa kuliko Premio za wenzangu, ingawa hilo kila dereva husema. Na kioo cha nyuma nacho hakifunguki, nikibonyeza kile kitufe chenye mistari taa inawaka lakini mvuke unabaki pale pale.

Fundi mmoja Kabale ameniambia rejeta ndogo ya hita imekufa, tufungue dashibodi yote, laki tatu na nusu na gari ilale kwake. Mwingine anasema gesi ya kiyoyozi imeisha. Wa tatu si fundi, ni mama anayeuza viazi, akaniambia nipake kioo kwa kiazi kilichokatwa. Nimepaka, kwetu viazi si shida. Kinasaidia mpaka karibu na Muko, baadaye hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo na taa za gari linalokuja zinatawanyika kioo kizima.

Nani mkweli kati yao?

Boda_Mutolere

Kaka, teremsha vioo viwili vya mbele nusu. Mvuke unakwisha papo hapo. Abiria watakuchukia lakini watafika.

Koplo_Mstaafu

Huyo wa boda anacheka lakini hajakosea. Pumzi za watu na makoti yaliyolowa yanajaza unyevu ndani ya gari, kioo ni baridi kuliko hewa, unyevu unagandamana pale. Ukifungua dirisha unatoka. Hita inafanya kazi hiyo hiyo bila kuwatesa watu: inakipasha kioo joto, na hewa ya moto inaweza kubeba unyevu mwingi bila kuudondosha.

Mimi nimetengeneza magari jeshini miaka mingi, sasa nina gereji yangu Mbarara. Mvua za Machi zikianza, na tena za Septemba, magari ya kutoka kwenu milimani yananijia na lalamiko hili hili, na mengi mwenye gari ameshauziwa kitu ambacho hakuhitaji. Kwa hiyo amri ya kwanza: usinunue kitu. Amri ya pili: asiguse mtu dashibodi. Fungua boneti.

Hita ya gari haina kitu chake chenyewe cha kuzalisha joto. Inakopa maji ya moto ya injini. Maji yanatoka kwenye injini kwa paipu moja ya mpira, yanapita ukutani kuingia ndani ya gari, yanazunguka kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, yanarudi kwa paipu ya pili. Feni inasukuma upepo kupita hapo. Basi. Ukuta ninaousema ni ule kati ya injini na miguu ya abiria; paipu hizo mbili zinapita hapo zikiwa zimekaribiana, unene wake kama kidole gumba.

Endesha gari mpaka mshale upande kadiri unavyoweza kupanda. Simamisha, acha injini ikiunguruma, weka hita kwenye moto mwisho. Shika paipu hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, ukijihadhari na feni ya rejeta na mikanda.

Zote mbili zikiwa za moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, maji yanapita vizuri na rejeta ndogo haina kosa. Shida iko kwenye upepo: kuna kilango ndani kinachochagua upepo upite kwenye joto au usipite, na kebo yake huwa inachomoka au kilango chenyewe kuvunjika. Kazi ya bisibisi hiyo.

Moja ya moto na nyingine vuguvugu au baridi, maji yanaingia lakini hayatoki. Rejeta ndogo imeziba kwa kutu, au kuna valvu haifunguki. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina valvu ndogo kwenye paipu mojawapo, inavutwa na kebo ukizungusha kitufe cha joto. Mwambie mtu azungushe kitufe huku wewe ukiitazama. Isiposogea umeshampata mhalifu.

Zote mbili baridi, hapo ndipo pana mambo. Maji yamepungua, au kuna hewa imenaswa, au pampu ya maji imechoka, au injini yenyewe haipati joto. Na wewe umeshaniambia kitu ambacho mafundi wako hawakukisikia au hawakutaka kukisikia: mshale unashuka ukiteremka. Injini haishuki joto kwenye mteremko kama ina themostati nzima, yaani ule mlango mdogo wa chuma unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto. Nakuwekea dau kwamba yako imekwama wazi, au fundi fulani aliitoa akaitupa. Huku kwetu wengi hudhani themostati ni kitu cha wazungu wa nchi za theluji.

Kuna njia ya kuijua bila kufungua kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, shika paipu kubwa ya chini ya rejeta. Themostati ikiwepo na nzima, paipu hiyo inabaki baridi kwa dakika kadhaa mpaka mshale ukaribie katikati, ndipo inaanza kupata moto. Kama inaanza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, kidogo kidogo, maji yanapita muda wote na hakuna mlango.

Feni ya namba nne ni habari nyingine kabisa, usiichanganye na hii. Nitairudia.

Leta majibu ya paipu. Na niambie pia: zulia la upande wa abiria limelowa? Kuna harufu tamutamu ndani ya gari? Maji ya rejeta unaongeza mara kwa mara?

Mama_Spea_Kisekka

Nauza spea Kisekka hapa Kampala na nakubaliana na Koplo, kwa hasara ya biashara yangu. Watu wanapigiwa simu na fundi "tuma hita kori", yaani hiyo rejeta ndogo, wananunua, wiki inayofuata wanarudi kuuliza themostati.

Ukifika kwenye themostati, usinunue kwa kuangalia boksi, boksi kila mtu anachapisha. Tazama chuma chenyewe. Namba ya joto imegongwa juu yake, ya 7A ni 82. Iwe na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kazi yake ni kutoa hewa wakati wa kujaza maji, na ukiifunga kipini kikae juu. Raba yake ya duara iwe mpya.

Nyumbani ijaribu kwenye sufuria. Itundike kwa uzi isiguse chini, pasha maji, tazama. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Nyinyi wa milimani msishtuke ikifunguka lakini isifike mwisho: Toyota hupima ufunguzi wake kamili kwenye 95, na kwenu, mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria yanatokota kwenye 93 hivi. Kuna mteja wa Kabale alinirudishia nzima kwa sababu hiyo. Mradi inaanza kufunguka mahali pake na inafunga tena ikipoa, iko sawa. Iliyofunguka kabla maji hayajawa moto nirudishie na matusi.

Dereva_Kanaba

Asanteni sana mzee Koplo na mama. Nimeangalia leo mchana.

Zulia kavu. Harufu hakuna. Maji naongeza kidogo sana. Paipu kubwa ya chini inapata uvuguvugu tangu mwanzo, kama ulivyosema.

Sasa hizo paipu mbili za hita. Nilizitafuta ukutani nikakuta vichomeo viwili vya chuma vimetoka ukutani vikiwa vitupu, vimezibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya. Paipu hazifiki pale. Moja inatoka kwenye injini, inapinda, inarudi kwenye injini. Mtu amefunga njia ya hita kabisa! Nilinunua gari hii ikiwa hivyo na wala sikujua kuna kitu kinakosekana.

Kwa hiyo ule upepo wote tangu nimeinunua ulikuwa haupiti kwenye maji yoyote. Na yule fundi wa laki tatu na nusu alifungua boneti nikimwona kwa macho yangu.

Niunganishe tu?

Koplo_Mstaafu

Ngoja kwanza. Usiunganishe leo.

Mtu hafungi njia ya hita kwa kujifurahisha. Mara nyingi hufanya hivyo rejeta ndogo ikianza kuvuja, maji yakimwagika kwenye zulia, na mwenye gari hana pesa au anakaa Soroti kwenye joto ambako hita ni mzaha. Kwa hiyo rejeta yako ndogo inawezekana ni mbovu, inawezekana ni nzima. Ipime ikiwa hapo hapo, bila kufungua dashibodi.

Ondoa hiyo mipira ya baiskeli. Chomeka paipu safi kwenye kichomeo kimoja, ziba cha pili kwa kidole cha mtu, puliza kwa mdomo. Kwa mdomo, usiniletee kompresa. Upepo ukigoma kabisa na ukibaki umegoma, hakuna tundu kubwa. Halafu ijaze maji masafi mpaka yatokee upande wa pili, ziba, iache usiku kucha ukiwa umetandika gazeti chini ya miguu ya abiria wa mbele. Gazeti likiwa kavu asubuhi, endelea.

Baada ya hapo isafishe. Bomba la kawaida la nyumbani, presha ndogo, ingiza maji upande mmoja, yatoke mwingine kwenye ndoo. Yatatoka ya rangi ya chai. Geuza, ingiza upande wa pili. Geuza tena. Endelea kugeuza mpaka yatoke meupe. Ile mashine ya kuoshea magari ikae mbali, vile vipande vya ndani ni vyembamba na utazalisha tundu ambalo halikuwepo.

Jambo moja zaidi kabla ya kuunganisha: fungua mfuniko wa rejeta kubwa injini ikiwa BARIDI, washa, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni kawaida. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gasketi ya silinda hedi inayopitisha moshi kwenye maji, na hapo hita itakuwa ya mwisho kwenye orodha yako. Injini ikiwa ya moto mfuniko huo usiuguse. Ule mfuniko unashikilia presha ili maji yasichemke mapema, na kwenye mwinuko wenu yana haraka ya kuchemka. Ukiufungua yanaruka usoni.

Canter_Kapchorwa

Mimi nabeba viazi na mahindi kutoka Kapchorwa kushuka Mbale. Canter yangu haina themostati mwaka wa sita huu na injini iko salama. Kupanda na mzigo gari linahitaji maji yapite, si kuzuiwa. Wazee nyinyi mnawatisha watu. Mwambieni aunganishe paipu aendelee na maisha.

Koplo_Mstaafu

Ndugu wa Kapchorwa, salamu. Canter yako sijaiona na injini ya dizeli ina tabia zake. Lakini jiulize ulipoitoa ilikuwa inachemka kwa nini. Themostati nzima ikishafika joto lake iko wazi, haizuii kitu. Gari linalochemka mlimani likiwa na themostati nzima lina rejeta iliyoziba, au feni iliyolegea, au mfuniko mchovu. Kutoa themostati kunaficha ugonjwa huo, hakuutibu.

Tena kuna injini ambazo kuitoa kunazifanya zichemke ZAIDI. Themostati zake zina sahani mbili: moja inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, nyingine wakati huo huo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kabla hujatoa ya mwenzako, ujue ni aina gani.

Na huyu kijana ana injini ya petroli yenye kompyuta. Kompyuta ikisoma kwamba maji bado ni ya baridi inaongeza petroli, kwa sababu inadhani gari limewashwa sasa hivi. Anateremka Muko akilipia mafuta ya asubuhi. Oili nayo haipati joto la kutosha kufukuza maji yaliyoingia humo, inageuka uji mweupe chini ya kifuniko cha oili. Dereva, hebu fungua kifuniko hicho utazame.

Canter_Kapchorwa

Haya mzee. Lakini mimi siitafuti themostati Kapchorwa nzima leo.

Dereva_Kanaba

Kuna utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko, mwembamba. Maji hayana mapovu ya ajabu. Ni ile baridi, au nianze kulia?

Koplo_Mstaafu

Mwembamba, chini ya kifuniko peke yake, na kijiti cha kupimia oili ni kisafi? Basi ni baridi. Ukiona rangi hiyo kwenye kijiti ndipo ulie.

Dereva_Kanaba

Kijiti kisafi. Nashukuru Mungu.

Habari mpya ni hizi. Gazeti lilibaki kavu. Nilisafisha rejeta ndogo kwa bomba, maji ya mwanzo yalikuwa kahawia na vipande kama majani ya chai vilivyoiva, mke wangu akanikataza kutumia ndoo ile tena. Themostati mama wa Kisekka ameituma kwa basi, imefika salama, nimeijaribu kwenye sufuria (hiyo nayo nimekatazwa kuitumia tena) ikaanza kufunguka vizuri. Ilipokuwa ikae palikuwa patupu kabisa, hata raba hakuna, wamepaka gundi nyekundu tu. Nimeifunga kipini kikiwa juu. Paipu mpya, klipu mpya, nimeunganisha.

Nimejaza maji, nimewasha, na hita bado inatoa baridi! Nyuma ya dashibodi nasikia sauti ya maji yakiguguma kama mtu anayesukutua mdomo. Mshale sasa unakaa katikati. Paipu moja moto, moja baridi.

Koplo_Mstaafu

Vizuri sana, hiyo sauti ndiyo niliyoingoja. Ni hewa. Rejeta ndogo imekaa juu, hewa inapenda kukaa juu, maji yanashindwa kuisukuma.

Na hapa nyinyi wa Kisoro mmebarikiwa. Injini ikiwa imepoa kabisa, tafuta mteremko, egesha pua ya gari ikitazama juu, jiwe nyuma ya matairi, breki ya mkono. Sasa mdomo wa rejeta ndio umekuwa mahali pa juu kabisa. Fungua mfuniko, weka hita kwenye moto mwisho ili valvu iwe wazi, washa injini, iache iungurume taratibu. Kila maji yakishuka ongeza. Minya zile paipu mbili za hita kwa mkono mara kwa mara, utaona mapovu yanatoka mdomoni. Themostati ikifunguka maji yatashuka kwa ghafla, ongeza tena. Feni ya rejeta ikishawaka na kuzima, na paipu zote mbili zikawa za moto, funga mfuniko. Kesho yake injini ikiwa baridi angalia tena, itakuwa imekunywa kidogo.

Usijaze maji ya kisima peke yake. Kutu uliyoimwaga kwenye ndoo ya mke wako imetokana na hayo. Kulanti (ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta) nusu, maji nusu, na kama huna maji yaliyochujwa ya dukani, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima chenye chumvi. Usichanganye kulanti za aina mbili. Chagua moja ubaki nayo.

Dereva_Kanaba

INAWAKA! Niliegesha kwenye mteremko karibu na nyumbani, watoto wa jirani wakajaa kutazama mapovu. Leo asubuhi nimepanda Kanaba kioo kikiwa wazi toka pembe hadi pembe. Abiria wa mbele nilimpa kitambaa kwa mazoea akaniuliza cha nini. Mshale haukushuka Echuya wala Muko, umekaa katikati kama umepigwa msumari.

Mvua ikiwa kubwa na gari likijaa bado mvuke unajaribu kurudi kwa chini. Na feni ni ile ile namba nne tu, sasa tunaiva.

Koplo_Mstaafu

Hongera. Sasa mambo madogo.

Angalia kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Madereva wa njia za vumbi hukiacha hapo mwaka mzima ili vumbi lisiingie. Ukiwa na mvuke kitoe, vuta hewa ya nje. Hewa ya nje hata ikiwa na ukungu, ikishapashwa joto inakuwa kavu kuliko pumzi za abiria wako. Idadi yao sitaiuliza, trafiki wako humu.

Halafu inua boneti, tazama chini ya kioo pale waipa zinapoanzia. Upepo wa feni unaingia hapo. Kwenu kuna mikaratusi kila kona, majani yake yanajaa pale, yanaziba upepo na yanaziba matundu ya kutoa maji ya mvua. Yakizibwa maji yanaingia ndani na zulia linalowa chini kwa chini bila wewe kuona.

Kiyoyozi sasa. Fundi wako wa gesi alikuwa amekaribia ukweli bila kujua. Kiyoyozi kinakausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu uliotolewa ndani. Ukibonyeza AC huku hita ikiwa kwenye moto, upepo unakaushwa kwanza halafu unapashwa, na kioo kinafunguka haraka kuliko kwa hita peke yake. Kama mkanda wa kompresa upo na gesi ipo, tumia kwenye mvua kubwa tu. Kama havipo, usivinunue kwa ajili ya hili.

Na osha kioo kwa ndani. Kiazi kinaacha wanga, wanga unashika unyevu na vumbi, ndiyo maana taa zinatawanyika. Spiriti kidogo na gazeti, mara mbili. Mama wa viazi mwambie nimesema avipike.

Feni: rezista imeungua. Namba moja hadi tatu umeme unapita kwenye rezista ili feni iende taratibu, namba nne unaenda moja kwa moja, ndiyo maana yenyewe imebaki. Toa sanduku la mbele ya abiria, utaona feni, na kando yake kisahani kidogo chenye soketi na skrubu mbili. Kitoe, ndani utaona waya uliokatika au kifyuzi kilichoyeyuka. Usiunge kwa waya wa kawaida, kile kifyuzi kiliwekwa ili kife kabla gari halijashika moto. Kabla ya kuweka kipya zungusha feni kwa mkono: ikiwa nzito au imejaa majani, itakiua na kipya.

Waya_Mwekundu

Kioo cha nyuma niachieni mimi, ndiyo kazi yangu.

Dereva, kabla ya yote: gari lilikuwa na tinti nyuma ikabanduliwa? Wabanduaji hukwangua kwa wembe na kukata ile mistari ya rangi ya kahawia. Mistari hiyo ndiyo hita yenyewe, imechapwa juu ya kioo.

Washa kitufe, pulizia kioo chote pumzi mpaka kizibe mvuke, tazama. Mistari mizima inafungua njia nyembamba zake. Kama hakuna hata mmoja unaofunguka, angalia fyuzi, halafu vile vibati viwili pembeni mwa kioo, kushoto na kulia, ambako waya huchomekwa. Huwa vinabanduka. Taa ya kitufe kuwaka haithibitishi kwamba umeme umefika nyuma.

Kama baadhi yao inafanya kazi, chukua mita, weka volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi. Upande mmoja wa kioo utasoma karibu 12, upande mwingine karibu sifuri, katikati ya mstari mzima ni 6 hivi. Pitisha ncha nyekundu polepole juu ya mstari mbovu, ukiwa umeizungushia karatasi ya fedha ya sigara ili isikwangue. Pale namba inaporuka ghafla kutoka 12 kwenda sifuri ndipo ulipokatika. Kuna rangi ya fedha inayopitisha umeme, inauzwa kwenye kichupa kidogo. Safisha hapo kwa spiriti, bandika selotepu juu na chini ya mstari, paka, acha ikauke siku nzima kabla ya kuwasha. Kibati kilichobanduka rangi hiyo haikishiki vizuri, hicho kinatafutiwa gundi yake maalumu. Usikichomee kwa moto mkubwa, kioo kitapasuka.

Dereva_Kanaba

Kweli kulikuwa na tinti, gundi yake bado iko pembeni. Mistari mitatu ya chini inafungua, iliyobaki haifungui. Nitaifanya Jumapili nikiwa sina safari.

Mama, rezista unayo? Na ile rangi ya fedha?

Mama_Spea_Kisekka

Rangi ipo. Rezista usiniambie "ya Premio" halafu ukanyamaza, zimeingia na soketi tofauti tofauti. Itoe kwanza, nipigie picha upande wa pini na upande wa waya, nikuoneshe inayofanana kabla hujatuma pesa. Ikipatikana mchana naiweka kwenye basi la usiku pamoja na rangi. Na nitakuongezea klipu mbili za skrubu, maana nakisia fundi aliyetangulia amefunga paipu zako nyingine kwa waya.

Dereva_Kanaba

Umejuaje? Picha zinakuja.

Canter_Kapchorwa

Mama, ya Canter 4D33 unazo? Themostati. Naulizia rafiki.